Walinipeleka Mahali Pakimya

Siku niliyorudi kazini walinipa kiti.

Kwa miaka kumi na sita nilikuwa nimepasua mbao katika kiwanda kile, juu huku Shume, na saa za kazi sikuwahi kukaa isipokuwa juu ya gogo, tena gogo lenyewe likiwa kwenye foleni ya kupasuliwa. Sasa meneja, mtu wa Tanga, mpole, anayevaa sweta mbili kuanzia Mei mpaka Septemba, alinishika mkono kama bibi harusi, akanipeleka kwenye kibanda cha getini, akanionyesha kiti cha plastiki chenye mto, akasema kitu. Nikatabasamu. Akasema kingine. Nikatabasamu zaidi. Nisiposikia mimi hutabasamu, na mwaka ule nilitabasamu mpaka mashavu yakaota misuli kama ya mbeba magogo.

Barua ya daktari ilisema nirudi kazini lakini niwekwe mahali pakimya. Meneja aliichukulia barua ile kwa uzito wote. Alizunguka kiwanda kizima akitafuta kimya, akakipata getini, ng'ambo ya kilima kidogo, nyuma ya misonobari, ambako mashine husikika kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa. Mimi sikusikia hata nyuki mmoja. Kazi yenyewe ilikuwa kuandika daftarini namba za malori yanayoingia matupu na yanayotoka na mbao. Hakukuwa na mjadala nani apewe, maana kati ya wapasuaji wote ni mimi peke yangu niliyekuwa na cheti cha kidato cha nne. Nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na mtoto wa pili, katika darasa ambalo mwanafunzi mdogo kuliko wote alikuwa anaoa kwa mara ya pili. Hesabu ilinishinda, lakini Kiswahili nilikiandika mpaka msahihishaji, naamini kabisa, akaita wenzake waje waone.

Cheti kile ndicho kilichonitoa kwa watu.

Inabidi nieleze kelele ya mashine ya mbao kwa mtu ambaye hajawahi kusimama kando yake. Msumeno wa duara ukiingia kwenye gogo bichi la msonobari, sauti inashuka mpaka Mombo, inanunua karanga, inapanda tena, na wewe bado hujamaliza kupepesa jicho. Humo ndani hakuna neno linalopita. Kwa hiyo wapasuaji hawatumii maneno, wanatumia mikono. Vidole viwili vilivyolala ni inchi mbili. Ngumi juu ya kichwa, msimamizi anakuja. Kupangusa midomo kwa kiganja, chai imefika. Mikono ikikatana mbele ya kifua, zima mashine, na hiyo haichezewi. Hizo ni za kazi, mgeni anazijua kwa siku mbili. Zilizobaki tulizitunga wenyewe, na zilikuwa nyingi kuliko maneno ya kamusi tuliyokuwa tunagombania darasani.

Mwenzangu wa mashine alisimama upande wa pili wa benchi miaka yote ile, mimi nikisukuma gogo na yeye akipokea mbao. Siku moja alinisimulia habari ya mbuzi wa jirani yake aliyekula kadi ya harusi, na jinsi jirani alivyokwenda harusini na mbuzi mwenyewe, kama ushahidi kwamba alialikwa. Yote kwa mikono, bila kuangusha ubao hata mmoja. Ilibidi nizime mashine kwa kucheka. Mle ndani tulitaniana, tulibishana mpira, tulipeana pole za misiba. Mmoja wetu alikuwa na vidole vinane, ajali ya zamani, tukasema yeye ana kigugumizi, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Viziba masikio tulipewa. Tulivitundika kwenye msumari. Sababu tuliyokuwa tukiitoa ni kwamba mpasuaji anausikiliza msumeno: ukianza kubanwa au kupata moto unalia tofauti, na ukijiziba unapasua kama kipofu. Hiyo ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba mwanaume mwenye vikombe viwili vya plastiki masikioni tulimcheka. Simlaumu mtu. Aliyecheka zaidi nilikuwa mimi.

Masikio yangu yaliondoka polepole, kwa adabu, bila kuaga. Kwanza walipotea majogoo, nikadhani kijiji kizima kimechinja kwa Idi. Ikafuata redio. Nikalaumu betri, nikabadilisha betri mpaka mwenye duka akadhani nimefungua kituo cha matangazo. Mahali pao wakaja nyenze, ndani ya kichwa, mchana na usiku, nyenze wa msitu mzima wa Magamba wakilia kwa zamu. Aliyejua kwanza ni mke wangu. Alisimama nyuma yangu akaniambia nyumba inaungua. Nikaendelea kula ugali.

Hospitalini mjini waliniingiza kwenye kibanda cha kioo, nikavalishwa visikilizio, nikaambiwa nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Mimi kufeli mtihani sipendi. Nikagundua kwamba kila mtaalamu yule alipotuma mlio, bega lake la kulia lilipanda kidogo. Basi, bega likipanda, nabonyeza. Alipomaliza aliitazama karatasi yake, akanitazama mimi, akaniandikia: “Una masikio ya mtoto mchanga.” Kisha akageuza kiti changu kikatazama ukuta, tukaanza upya. Mara ya pili nilikaa na kitufe mkononi nikitazama rangi ya ukuta. Ilikuwa ya maziwa, na karibu na dari ilikuwa imebambuka kidogo. Nilingoja mlio uje. Nilingoja sana.

Sikio la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa na kiasi, cha kutosha kama msemaji yuko karibu na ana subira. Daktari alinieleza kwa maandishi kwamba kilichoondoka hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kubaki nikikaa mbali na msumeno. Nikiurudia, nacho kitakwenda.

Nilikaa kule miezi miwili nikifundishwa. Walinipa kifaa cha sikio la kulia, kidogo kama harage, na mwalimu, mama mmoja aliyetamka kila herufi kana kwamba anaionja chumvi. Alinifundisha kusoma midomo. Yeye anasema bila sauti, mimi nakisia: nyumba, nguo, ng'ombe. Nilifanya bidii ya kutisha. Nilipanda basi la kurudi mlimani nikijiona naweza kusoma mdomo wa mtu aliyeko Gare nikiwa nimesimama sokoni Lushoto.

Ila mwalimu wangu alikuwa mtu wa nchi ya joto. Hajawahi kuiona Julai ya huku. Nilishuka kwenye basi nikakuta watu wote wamejifunga mafla mpaka puani, wanawake vitenge vimezunguka uso, ukungu umekaa barabarani kama mwenye nyumba. Midomo yote ya Shume ilikuwa ndani ya sufu. Na wachache walioiacha wazi waliongea Kishambaa, na midomo ya Kishambaa sikufundishwa.

Nyumbani kwangu tulikuwa tukiongea Kishambaa tangu tuoane. Sasa mke wangu ananisemesha Kiswahili, akiwa amesimama mbele yangu, neno moja moja, kama karani wa wilaya anayemsaidia mzee kujaza fomu. Nia yake ni njema kabisa. Lakini huko jikoni yeye na watoto wanacheka kwa Kishambaa, naona mabega yanavyotikisika, kisha mmoja ananigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili safi kama nitakunywa chai. Nasema nitakunywa. Naletewa chai.

Getini mambo yalikuwa hivyo hivyo, bila chai. Dereva huzungumza akiwa juu, kichwa nje ya dirisha, mafla mdomoni. Nilijifunza kuinua mkono, kutabasamu, kunakili namba ya lori, kufungua geti. Kifaa changu kilileta upepo wa kwenye misonobari na kuufanya kama bahari, na ndani ya bahari hiyo watu walifungua na kufunga midomo. Siku nzima inaweza kupita nisiseme maneno kumi, mimi, mtu ambaye mwalimu wa jioni alikuwa akimhamisha dawati kila wiki kwa kuzungumza.

Kisha ikaja habari ya shikamoo. Huku kwetu shikamoo haiachwi njiani. Mtoto asipoamkia atarudishwa aamkie, na mtu mzima asipoitika, kuna neno. Getini pale hupita watoto wa shule, vijana wa viazi, kina mama wa kabichi, na wote huamkia wakipita, mara nyingi nyuma yangu. Mimi sikuitika. Haikuchukua wiki mbili mke wangu akaniletea yanayosemwa kisimani: amepewa kiti, ameota mapembe.

Iliniuma. Lakini sikusema “sisikii.” Neno hilo halikuwa limewahi kunitoka mdomoni, hata mara moja, hata hospitalini. Badala yake nikajitungia dawa: mdomo wowote ukicheza mbele yangu, naitika marahaba. Nikihisi mtu nyuma yangu, marahaba. Kivuli kikipita juu ya daftari, marahaba. Niliwaitikia watoto, wauza nyanya, fundi wa baiskeli. Nadhani nilimwitikia na ng'ombe mmoja, na kwa kuwa alikuwa ng'ombe mwenye adabu hakukataa.

Ndipo akaja baba mkwe kutoka Mgwashi. Alikuwa amepata usafiri wa lori la majani ya chai, akaona apitie kazini kwangu anipe pole, maana tangu niumwe hatukuwa tumeonana. Mimi nilikuwa nimeinama naandika. Kivuli kikaja juu ya ukurasa.

“Marahaba, marahaba!” nikasema bila kuinua kichwa. “Hujambo? Haya, pita.”

Kivuli hakikupita. Nikainua kichwa. Nikaona koti refu, baraghashia, mkungu wa ndizi begani, na macho ya baba wa mke wangu. Mtu ambaye nikimwona barabarani navua kofia nikiwa bado mita hamsini. Midomo yake ilikuwa ndani ya mafla, kwa hiyo alichosema sikijui mpaka leo. Dereva aliyekuwa akisubiri geti alilala kifudifudi juu ya usukani kwa kicheko. Mzee alishusha mkungu taratibu, akauegemeza kwenye kibanda, akaondoka.

Jioni mke wangu alisimama mbele yangu. “Umemwambia baba yangu marahaba,” alisema, kwa Kiswahili.

“Sikumwona.”

“Hukumwona, au hukumsikia?”

Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Alikwenda Mgwashi mwenyewe akamweleza baba yake, na mzee hakuweka kinyongo. Ila tangu hapo akija kwetu hunishika mkono kwa mikono yake miwili, anaushikilia kwa muda, halafu anakwenda kukaa na wajukuu. Hanisemeshi tena. Amenihurumia, na huruma yake ni ya kimya.

Baada ya hapo niliandika barua kwa meneja. Niliiandika kwa siku nne, nikatumia Kiswahili chote nilichosomea. Niliomba kurudi kwenye mashine. Nilieleza kwamba maarifa ya miaka kumi na sita yanaozea getini, na kwamba wajibu wa sikio langu la kulia naubeba mwenyewe. Nilijua vizuri ninachokiomba. Upande mmoja kulikuwa na hicho kidogo kilichobaki sikioni. Upande wa pili kulikuwa na watu wanaoongea na mimi. Nilipima nikaona sikio lenyewe silitumii kwa kazi yoyote ila kusikiliza upepo.

Kabla ya kuipeleka nilitaka mwenzangu aione. Siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, nikafunga geti, nikavuka kilima, nikavua kifaa changu nikakitia mfukoni pamoja na barua, nikaingia bandani.

Jamani. Kelele niliipata kifuani, kama mtu anayenikumbatia kwa hasira. Vumbi la mbao lilikuwa hewani, jua linalipasua. Mwenye vidole vinane aliniona kwanza, akapiga ngumi juu ya kichwa: msimamizi anakuja. Wakageuka wote. Mikono ikaanza. Huyu ananiambia nimenenepa, nimekuwa gogo la kupasua inchi nane. Yule ananiuliza kama mto wa kiti changu una foronya. Mwingine anaonyesha baba mkwe, koti refu, mkungu begani, na mimi nimekaa naitika marahaba kama sultani. Habari zilikuwa zimefika zote! Nilijibu kila mtu. Nilimjibu mmoja kwa mkono wa kulia na mwingine kwa wa kushoto. Hakuna aliyepunguza mwendo kwa ajili yangu, hakuna aliyenionea huruma, na kwa dakika tano nilikuwa mtu mwenye maneno mengi kuliko wote katika milima hii.

Mwenzangu hakuinua mkono. Alinitazama akiwa upande wake wa benchi, kisha akakata mikono mbele ya kifua. Mashine ikazimwa. Alikuja akanishika kiwiko, tukatoka nje mpaka nyuma ya rundo la mabanzi. Akashusha mafla.

“Umefuata nini, karani?”

“Nimeandika barua. Narudi.”

“Wapi?”

“Kwako. Kwenye benchi.”

Alinitazama kama mtu aliyefungua gunia la viazi akakuta mawe. “Umepewa kiti, umepewa kibanda, mvua haikupati. Sisi tunakula vumbi. Halafu anayelia ni wewe?”

“Kiti chukua wewe. Mimi nataka watu.”

Hapo ndipo nilipoona kitu. Hakuwa akinitazama machoni. Alikuwa akiutazama mdomo wangu, kwa uangalifu, kama mtu anayesoma maandishi madogo ya dawa. Mtazamo huo naujua, nilifundishwa miezi miwili kutazama hivyo. Nikaweka kiganja mbele ya midomo, kama mtu anayekohoa, nikasema, “Leo kwako mnapika nini?”

Akatabasamu.

Nikaondoa mkono. “Tangu lini?”

Alitaka kubisha. Nilimwona akitafuta mzaha wa kunirushia, akaukosa. “Mwaka jana,” akasema. “Labda na wa kabla yake. Mke wangu anadhani nimemnunia.”

“Nenda hospitali.”

“Nikafanywe nini? Nikapewe kiti?” Aliinamisha kichwa kuelekea getini. “Nimekuona pale, kaka. Nikipanda kilimani kunywa maji nakuona. Unakaa kama mtu aliyefika msibani akakuta hamjui marehemu. Kila siku najiambia, afadhali humu. Humu ndani hakuna anayejua nani anasikia na nani hasikii.”

Ndiyo maneno niliyokuwa nimeyaandika, ila mimi nilitumia kurasa mbili. Nikayaona yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine na sikuyapenda.

“Na hilo lako la kulia,” akasema, “bado lipo?”

“Lipo kidogo.”

“Linasikia nini?”

Nilifikiri nimwambie linasikia siafu wakipandana. Nikaacha. “Mvua kwenye bati. Mke wangu akiwa karibu. Mtoto akicheka, si kila mara.”

Alitikisa kichwa polepole. “Mimi mvua ya mwaka huu niliiona tu.” Kisha akajifunga mafla, akakumbuka, akaishusha tena ili niuone mdomo. “Nenda zako. Ukiingia humu tena bila viziba masikio, nitakutoa kwa ubanzi.”

Barua sikuipeleka. Sikuichana pia, iko ndani ya daftari la malori, na mara nyingine naisoma kwa sababu ni Kiswahili kizuri. Nilirudi getini. Lori la kwanza kuja lilikuwa la kabichi, wala halikuwa na shughuli na mbao. Dereva alitoa kichwa dirishani, mafla mdomoni, akasema jambo refu. Nikahisi mashavu yanaanza kujikunja.

“Sisikii,” nikamwambia. “Mimi ni kiziwi. Shuka uje mbele yangu, fungua mdomo.”

Nilidhani ardhi itapasuka. Haikupasuka. Dereva alifikiri kidogo, akashuka, akaja, akafunua mdomo na kunipigia kelele ya kuangusha misonobari.

“Usipige kelele. Sema tu.”

“Maji ya rejeta, mzee,” akasema. “Naomba maji ya rejeta.”

Nikampa. Alinisimulia lori lake linavyochemka kila kona ya kupanda, akisahau mara kwa mara na kugeuka pembeni, na kila akigeuka nilimpoteza, nikamgusa bega, akarudi. Mazungumzo yetu yalikuwa na matundu kama chandarua. Yalidumu robo saa, kisha akaondoka na mimi nikabaki na upepo wangu.

Wengi hawashuki. Wana haraka, au wanaona aibu kwa niaba yangu, wanainua mkono na kupita. Mke wangu sasa namwomba anisemeshe Kishambaa, nami najifunza midomo yake upya, na jioni nyingi tunachoka wote wawili tukanyamaza.

Mwenzangu huja getini mara moja moja saa ya chai. Hukaa juu ya jiwe. Siku nyingine tunaongea kwa mikono hapo nje, bila mashine, na wapita njia wanatushangaa. Siku nyingine tunatazama barabara tu. Kila akija namwambia aende hospitali, naye hupangusa midomo kwa kiganja, maana yake tunywe chai.

Jumatatu iliyopita aliniuliza basi la alfajiri la kushuka mjini linapita hapa saa ngapi. Nikamwambia. Akarudia saa hiyo kwa vidole vyake ili ahakikishe ameipata, nikaitikia kwamba ndiyo, hiyo hiyo. Siku ya pili nilifika mapema kuliko kawaida nikasimama barabarani kwenye ukungu. Basi lilikuja, likasimama, akapanda mama mmoja na kuku wake, likaondoka. Saa mbili nilivuka kilima nikachungulia kwa mbali. Alikuwa kwenye benchi, anapokea mbao.